Mwanya Ulionijia Ukubwani

Mwanya wangu sikuzaliwa nao. Ulinijia nikiwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, kijijini kwetu kusini ya Tabora, njia ya kwenda Ipole, enzi za Ujamaa, tulipokuwa tumetolewa kwenye makazi yetu ya zamani na kupangwa kwenye mistari kama miche ya tumbaku. Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki kwa kijiti, ulimi ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia. Nikaenda kuiba kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Kati ya meno mawili ya mbele, ya juu, palikuwa na mstari mwembamba wa giza, upana wa uzi wa kushonea. Nilicheka peke yangu nyuma ya nyumba kama mwendawazimu, kisha nikarudisha kioo.

Kwetu mwanya haukuwa jambo la mzaha. Bibi mzaa baba alichongwa wa kwake alipokuwa mwali. Walimlaza chali, wakamshika kichwa, fundi akagonga meno yale mawili kwa kichuma mpaka likabaki pengo dogo la pembetatu. Wanyamwezi wa zamani ndivyo walivyokuwa. Wapagazi walioshika njia ya misafara, kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi, walitambulika kwa pengo hilo hata walipofia mbali na kwao. Kisha wakaja wamisionari wa Kimoraviani na shule zao, na kuchonga meno kukawa ushenzi. Watu wakaacha kichuma, lakini hamu ya mwanya haikubatizwa. Walichofanya ni kukaa wakingoja Mungu awape bila kuchongwa, na Mungu alikuwa mchoyo sana wa mianya. Katika kijiji kizima chenye mistari yote ile, wasichana waliojaliwa walikuwa wa kuhesabika.

Na mimi, kusema kweli, nilikuwa sina kingine cha kujivunia. Nilikuwa na miguu myembamba, paji la uso pana, na hasira za karibu. Shangazi zangu walisema nitaolewa na jembe. Mwanya ulipofika upana wa kijiti cha kiberiti, shangazi hao hao ndio waliokuwa wakiniita mbele ya wageni, "Hebu cheka wakuone." Kisimani wanawake waliweka ndoo chini ili nicheke. Nilikuwa msichana wa kununa, na sasa nikawa nacheka hata mbuzi akipiga chafya. Mtu aliyezaliwa mzuri hawezi kujua utamu wa kuwa mzuri ghafla. Nilikuwa najiangalia kwenye maji ya ndoo, kwenye sufuria iliyosuguliwa na kwenye dirisha la duka la ushirika, ambalo halikuwa na sukari wala sabuni lakini kioo chake kilikuwa kizima.

Ndipo akatokea kijana wa reli. Alikuwa fundi kwenye karakana ya treni mjini Tabora, na alikuja kwa baiskeli kumtembelea shangazi yake aliyekaa mstari wa pili kutoka kwetu. Alinikuta kisimani, akanisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nami nikamjibu kwa meno yote niliyonayo. Haukupita muda, shangazi yake akaja nyumbani akiwa amevaa kanga mpya, akakaa na baba ukumbini.

"Kijana wetu amemwona binti," alisema. "Wengine walichongwa na mafundi, huyu Mungu amemchonga mwenyewe."

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alipenda sifa kuliko ugali. Alifurahi hadi akasahau kumkaribisha mgeni chakula. Wakakubaliana ndoa ifungwe tumbaku ikishatoka bani na kuuzwa. Bani ndiyo ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa joto la moto, na mwaka wetu wote ulihesabiwa kwa kuingia na kutoka humo. Usiku ule nililala nikiwa mke wa mtu wa reli tayari, nina nyumba mjini na taa ya umeme.

Mama hakusema mengi. Mama hakuwa msemaji. Sikumbuki kumwona na meno mdomoni, ingawa hakuwa mzee; nywele zake zilikuwa nyeusi tititi. Alizungumza akiwa ameziba mdomo kwa pindo la kanga, na alipokula aliugeukia ukuta. Sababu tuliijua, na kila mwanamke kijijini aliijua: watoto. Kila mtoto huchukua jino lake kwa mama. "Wewe ulinichukulia la mbele," alikuwa akiniambia tukitwanga, "na mdogo wako akamalizia yaliyobaki." Alisema kwa utani, lakini si utani wote. Nimekua nikidhani nilitoka tumboni nimeshika jino la mama mkononi.

Kabla ya mvua za mwaka ule mwenyekiti wa kijiji akapita akitangaza kwamba kuna madaktari wanakuja kutazama vinywa vya watu na kuchukua damu. Wakati ule ukitaja gari na damu kwa pumzi moja, watu hawafikirii hospitali, wanafikiria mumiani. Mzee mmoja wa nyuki alihamia porini kwenye mizinga yake siku hiyo hiyo. Wanawake waliuliza: kama ni meno, damu ya mkono ya nini? Swali zuri, na hata mimi nililiuliza. Lakini baba alikuwa balozi, na balozi hawezi kuficha watoto wake. Tulitangulia mbele ya foleni sote: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la tano.

Daktari wa meno alikuwa mtu wa Tabora mjini, wa zile familia za Kiarabu zilizofanya biashara pale tangu enzi za misafara. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," na mama akaitikia marahaba kwa ndani ya kanga. Aliona watu wana hofu, akasimama juu ya kreti la soda akaeleza.

"Ugonjwa wa ufizi unaweza kukaa kimya," alisema. "Mtu hasikii maumivu mpaka jino linaning'inia. Na mimi niko peke yangu kwa mkoa mzima, siwezi kuchungulia kila mdomo. Sasa, mwili wa mtu una mgambo wake. Kijidudu kikiingia kwenye ufizi, mwili unaita mgambo wa kupambana nacho hicho, na mgambo hao wanazunguka kwenye damu. Mkiona mgambo wamejaa nyumbani kwa mtu, mwizi hamjamwona, lakini mnajua pana jambo. Tunataka kujua kama damu inaweza kutuambia nani aje hospitali mapema."

Siku hizi mgambo hao wanaitwa kingamwili, na nimesikia vijana wakilitamka neno hilo redioni kama jina la mjomba wao. Sisi tulielewa mgambo. Mgambo tulikuwa nao, walikuwa wakituamsha kwenda shamba la kijiji.

Walitoboa mkono, wakachukua damu kichupa kimoja, wakaweka kwenye sanduku la barafu. Kisha muuguzi kijana akanimulika mdomoni kwa tochi na kijiti bapa. Alitazama juu na chini, akazima tochi.

"Kinywa safi," akasema. "Na huo mwanya, dada, umependelewa."

Nilitoka pale natembea kama malkia. Nyuma yangu kulikuwa na watu wenye ufizi unaotoka damu na harufu ya kufukuza nyuki, nikawahurumia kwa mbali.

Madaktari walirudi kiangazi kilichofuata, wakati marobota ya tumbaku yanangoja lori na ndoa yangu inangoja marobota. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimepatikana kwa taabu kubwa, kwa mtu anayejuana na mtu wa duka. Safari hii hawakutaka kila mtu. Walitaka wale ambao damu yao ilisema kitu, wawatazame kwa vyombo, walinganishe damu na mdomo. Mwenyekiti akasimama mbele ya zahanati anaita. Yule mzee wa nyuki, ambaye mwishowe alirudi kutoka porini madaktari hawajaondoka wakamtoboa, akaitwa. Akaitwa mama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana mama hana meno, ufizi wake utaumwa nini. Kisha nikaitwa mimi. Kisha mdogo wangu.

Watatu, nyumba moja. Kicheko kikakatika. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akinong'ona habari ya kaswende, kwa sababu damu ya msichana ikipimwa ikaonekana na kitu, kwetu kilikuwa kitu hicho tu. Nilitazama kama shangazi wa mchumba yupo, na alikuwepo, amesimama na kanga yake mpya.

Mzee wa nyuki aliingia kabla yetu. Tulimsikia akibishana mle ndani, kisha akatoka anacheka. Meno yake yote yalikuwa imara, kinywa hakina kasoro. Damu ilimsingizia. "Mgambo wenu wamekosea nyumba," alimwambia daktari kupitia dirishani, na daktari akakiri kwamba inatokea, na kwamba kuna wengine wenye vinywa vibovu ambao damu yao haikusema neno, na ndiyo maana amerudi kutazama kwa macho. Maneno hayo yalinipa uhai. Nikasema moyoni, na mimi wamekosea nyumba. Mimi niliyeambiwa kinywa safi.

Nilikaa kwenye kiti. Daktari alikuwa na chuma chembamba chenye ncha butu na alama ndogo ndogo pembeni, akakiingiza kati ya ufizi na jino la nyuma. Kilitakiwa kugota mara moja. Hakikugota. Niliona mkono wake ukiendelea kushuka, taratibu, kama mtu anayepima maji kisimani kwa fimbo. Sikusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo ninapolikumbuka. Akaenda kwenye meno ya mbele. Pale pia chuma kikazama.

"Huu mwanya umezaliwa nao?" akauliza.

"Hapana," nikasema, na hata pale nilikuwa na fahari kidogo. "Umekuja wenyewe."

"Lini?"

"Kama miaka miwili."

"Unaongezeka?"

"Ndiyo."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Kisha akashika jino langu moja la mbele kwa vidole viwili na kulisukuma, nalo likaenda. Likaenda na kurudi. Akafanya la pili, nalo likaenda. Nilifunga mdomo kwa ghafla, nusura nimng'ate.

"Mama njoo uone," alisema. "Binti, huu si mwanya. Meno yako yanahama. Mfupa unaoyashikilia umeliwa, kwa hiyo yanaachana. Ugonjwa huu huwapata vijana, tena wenye vinywa visafi, hauvimbishi, hauumi. Kwa nje unaonekana kama uzuri."

Niliyasikia maneno hayo yote, na yote niliyaelewa, na hakuna hata moja lililoingia. Nilikuwa natazama kalenda ya ukutani. Niliwaza wanawake wa kisimani walioweka ndoo chini. Walikuwa wakinishangilia nikioza. Nilitoka nje nikatapika ukutani mwa zahanati, mbele ya kijiji, na kila mtu aliyeona akajipa jibu lake kuhusu kutapika kwangu.

Niliporudi ndani nilimkuta mama amekaa kwenye kile kiti changu. Alikuwa ameshusha kanga mpaka kidevuni. Sikuwahi kumwona hivyo mbele ya mwanamume asiye baba. Daktari alikuwa akitazama ufizi mtupu.

"Wa kwangu ulianza hivyo hivyo," mama alikuwa akisema. "Kama uzi. Nilikuwa sijazaa bado."

Baba alikuwa mlangoni. Hadithi ya baba tuliijua kwa moyo, alivyompata mama kwenye harusi ya watu, msichana anayecheka, mwanya wa kuingia punje ya hindi. Tulikuwa tumeisikia mara nyingi sana hata hatukuwahi kuuliza ule mwanya ulikwenda wapi. Ulikuwa umekwenda na meno. Baba alitazama miguu yake.

"Damu yako bado ina mgambo wa kijidudu hicho hicho," daktari akasema. "Wachache, lakini wapo. Ndiyo maana tumekuita. Hukung'olewa meno na uzee, mama. Ni ugonjwa huu, na unapita katika nyumba."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kwa hiyo si watoto?"

"Si watoto, mama."

Akageuka akanitazama mimi, halafu mdogo wangu, na kwa muda mrefu hakuondoa macho. Miaka yote ile alikuwa ametulea kama watu waliomwibia na akatusamehe. Sasa alikuwa anaona hakukuwa na wizi, na sura yake ilionyesha kwamba hajui aanzie wapi.

Daktari alisema nije Tabora hospitali mara moja. Baadhi ya magego yangu yangeng'olewa, hayakuwa na la kufanywa. Ya mbele angeyajaribu: angepasua ufizi, asafishe mzizi, anipe vidonge, kisha ayafunge kwa waya yasitembee. Ufizi ungepanda juu, meno yangeonekana marefu, na kucheka kwangu kusingekuwa kama zamani. Nikichelewa, nitayapoteza. Baba aliuliza kama inaweza kungoja harusi ipite. Daktari akasema kila mwezi unaopita mfupa unapungua, na mfupa ukiliwa haurudi.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi wa mchumba akaja na mchumba mwenyewe. Tayari walikuwa wamesikia, na kwa bahati walisikia cha meno, si cha kaswende. Tulikaa ukumbini. Shangazi alizungumza kwa upole mkubwa, kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. Alisema madaktari wana haraka zao. Alisema damu ilimsingizia hata mzee wa nyuki. Alisema bibi harusi hawezi kusimama madhabahuni na waya mdomoni kama ng'ombe aliyefungwa, watu watasema nini mjini. Ndoa ifungwe kwanza, hospitali ipo tu.

Mchumba alikuwa ananitazama mdomoni. Nilikuwa nimeufunga, naye anautazama tu.

Baba alikohoa. "Nadhani," akasema, "mambo haya yanaweza kwenda kwa mpango. Harusi kwanza."

Na mimi? Mimi nilikubali. Niliinamisha kichwa, maana yake ni ndiyo. Nilitaka harusi yangu nikiwa na mwanya wangu, nicheke siku ile moja, kisha hayo mengine yatajulikana. Nilikuwa tayari kuubadilisha mdomo wangu wote kwa alasiri moja.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Mama hukaa jikoni, chakula hupelekwa na wengine, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Hivyo mama alipotokea ukumbini, hatukuamini. Shangazi wa mchumba alishusha kikombe. Mchumba akaruka kusimama, hajui aelekee wapi, kwa sababu mlango ulikuwa nyuma ya mama. Mama akakaa mkekani, mbele yake kabisa, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kwetu mwenye binti amewahi kukaa. Akaondoa kanga mdomoni, akaiweka mapajani.

"Baba," alimwambia kijana, kwa heshima yote, "nitazame."

Kijana akatazama chini.

"Nitazame. Mimi pia niliposwa kwa mwanya." Akafungua kinywa. Kilikuwa chekundu, kitupu, na midomo ilikuwa imeingia ndani. Hata mimi mtoto wake sikuwahi kukiona chote kwenye mwanga. "Nimezaa mara ya kwanza ninao. Mara ya pili ulikuwa umekwenda. Huyu mwenye nyumba hii anaweza kukwambia alicheka na mimi miaka mingapi."

Baba alikuwa amegeukia ukuta, mahali ambapo mama hugeukia akila.

"Kama unamtaka mwanangu, mtake akiwa na waya," mama akasema. "Kama unautaka mwanya, huu hapa."

Kuku mmoja aliingia ukumbini akazunguka akatoka. Kijana wa reli alipita pembeni ya mama kwa kujibana ukutani, akatoka nje, akachukua baiskeli yake. Shangazi alibaki kidogo kwa adabu, akasifu chai, akaenda. Baada ya siku chache akaleta neno kwamba kijana ameomba wasubiri kwanza. Kila mtu kijijini anajua maana ya wasubiri kwanza. Kitambaa cha gauni baba alikirudisha alikokipata.

Nilimkasirikia mama hadi nikashindwa kula alichopika. Nilimwambia amenifedhehesha. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza akiwa hana kanga mdomoni, kwa sababu tangu Jumapili ile hakuirudisha tena, nikamaliza, akasema lori la tumbaku linakwenda Tabora kesho na tutapanda sote watatu.

Tukapanda juu ya marobota, mama, mimi na mdogo wangu, tukakohoa tumbaku mpaka mjini. Nilikuwa sijawahi kuingia hospitali kubwa. Daktari alinifanyia kwanza mimi. Sitaeleza yote, nitasema tu kwamba nilisikia sauti ya chuma kikikwangua mzizi ndani ya kichwa changu mwenyewe, na kwamba gego liliponitoka lilitoka kama linalotoka kwenye uji. Hata yeye hakutumia nguvu. Alinionyesha. Mzizi ulikuwa mkavu na mweusi. Kisha akanishona, akayafunga yale ya mbele kwa waya, akaweka kitu kama udongo mwekundu juu ya ufizi, akanikataza kuzungumza.

Halafu akampandisha mdogo wangu kitini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na pamba mdomoni, mama kando yangu. Meno ya mdogo wangu yalikuwa yamebanana, madogo, meupe, hayana hata nafasi ya uzi. Ukimtazama ungesema daktari anampotezea muda. Kile chuma kikaingia kwenye gego la kwanza, kikagota. La pili, kikagota. La tatu kikazama, si sana, lakini kikazama, na daktari akarudia, akahakikisha, akaitikia kwa kichwa.

"Hapa," alisema. "Ndipo ugonjwa unapoanzia. Huyu bila damu tusingemjua, tungemwona akija na mwanya kama dada yake." Alikuwa amefurahi, ni furaha ya kazi, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Alimsafisha, akampa vidonge vya kumeza na tarehe za kurudi. Mdogo wangu hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa mtoto jasiri, anavumilia kuliko mimi.

Daktari alimshusha kitini akamshika bega. "Wewe umepona, mwanangu. Meno yako yatakaa hivi hivi, yamebanana. Hutapata mwanya wewe."

Mama alimshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, kisha akashindwa akamshika tu mikono yote miwili.

Gari la kurudi tulilipata jioni, basi bovu lililojaa, tukapewa kiti kimoja cha watu watatu. Mama alisinzia kabla hatujatoka mjini, kinywa wazi, na hakuna aliyemziba. Mdogo wangu alikaa dirishani. Tulikuwa tumefika mbali, kwenye misitu, ndipo nilipohisi anatetemeka, nikadhani ni dawa. Nikamgeuza uso. Alikuwa analia kimya kimya, kamasi zinamtoka, na alikuwa ameingiza ukucha wa kidole gumba kati ya meno yake mawili ya mbele, anasukuma.

"Dada," akasema, "na mimi nilikuwa nangoja wangu."

Nilimwondoa mkono mdomoni. Akaurudisha. Nikamwondoa tena, nikaushika, na nilikuwa nimekatazwa kuzungumza.